Kwa vijana mnaoanza umeme wa magari ya Ulaya

Wiki hii kijana mmoja hapa gereji alichomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye Land Rover Discovery 3. Ikamletea hitilafu za springi za hewa, hendibreki, gia, ABS na usukani, zote kwa mpigo. Chai yangu haijapoa, kijana ameshamwandikia mwenye gari orodha ya spea, na ya kwanza ni kompresa ya hewa. Nikamwambia, mdogo wangu, weka mita kwenye betri. Volti 11.7, na gari lilikuwa limelala tangu jana. Tukafunga betri nzima, tukafuta hitilafu zote, tukalizungusha mjini. Ilirudi moja tu, ya hendibreki. Ile kompresa haikuwa na ubaya wowote.

Simlaumu. Kila kijana anayetoka chuo cha ufundi cha VETA kuja kufanya mazoezi hapa Arusha anapita njia hiyo hiyo. Anaamini mashine, anamwamini muuza spea, mita anaisahau kwenye boksi. Nimechoka kuyasema haya kwa kupiga kelele juu ya muungurumo wa injini, kwa hiyo nayaandika, myasome mkiwa mmetulia.

1. Betri kwanza, mashine baadaye.

Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, usiendelee na kitu kingine chochote. Injini ikiunguruma unataka kati ya 13.8 na 14.7. Kompyuta za magari haya zikikosa volti hazisemi zina njaa. Kila moja inamshtaki jirani yake, na mashine inakusomea mashtaka hayo kama yalivyo.

BMW zenye sensa kwenye kichwa cha hasi cha betri, kama E90 na E60, ukibadilisha betri lazima uisajili kwa mashine, la sivyo gari litaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu.

Na hili naomba lifike mpaka gereji za chini ya miti: acheni kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma eti mnapima alteneta. Babu zetu walifanya hivyo kwenye Peugeot 504 na hazikufa, kwa sababu hazikuwa na kompyuta ya kuua. Kwenye gari la kisasa, betri ikitoka ghafla, alteneta inarusha makumi ya volti kwa mara moja, na hakuna wa kuzipokea isipokuwa kompyuta ya injini, ya gia na ya ABS. Mwenye gari anakuja na tatizo la alteneta, anaondoka kwa breki daun. Mita ya bei ndogo kabisa inapima alteneta vizuri kuliko mchezo huo.

2. Athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri.

Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuwafundisha, ningechagua hiki. Waya wa athi unaweza kuonekana mzima, umekaza, hata unang'aa, na usipitishe umeme wa kutosha. Ukiupima kwa omu utakudanganya, kwa sababu mita inapitisha umeme kiduchu. Upime ukiwa kazini: mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bodi ya injini, mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti hapo, kuna njia imebanwa. Kwa taa na sensa nataka chini ya 0.1.

Kuna BMW E46 ililetwa hapa, ukiwasha indiketa ya nyuma taa ya breki nayo inawaka kwa mbali. Ilikuwa imeshapita mikono kadhaa, na mmoja wao alikuwa ameanza kukata waya za swichi ya indiketa kule kwenye usukani. Tukafungua buti, tukachomoa plagi ya taa ya nyuma. Pini ya waya wa kahawia ilikuwa imeungua, plastiki imeyeyuka kuizunguka. Umeme uliokosa pa kutokea ulikuwa unarudi kupitia balbu ya jirani. Tukabadilisha pini, tukaongeza waya mmoja wa athi, kazi ikaisha. Kurudisha zile waya zilizokatwa kule mbele ndiko kulikotumalizia mchana wote.

Kwa Wajerumani kumbukeni: waya wa kahawia ni athi, na kwenye namba za michoro ya waya, 31 ni athi, 30 ni umeme wa moja kwa moja, 15 ni wa swichi, 50 ni wa stata. Waingereza wa zamani athi yao ni nyeusi. Kijana aliyezoea Mjerumani akiingia kwenye Land Rover na kuuchukulia waya wa kahawia kuwa athi, atapiga shoti ya kukumbukwa, kwa sababu huko kahawia ndio umeme mkubwa wa betri.

3. Maji.

Mji wetu una jakaranda, na wenye magari wanapenda kivuli. Maua na majani yanaanguka chini ya waipa, yanajaa kwenye ule mfereji chini ya kioo cha mbele, yanaziba tundu la kutolea maji. Kwenye Passat B5 mvua ikinyesha maji yanapanda, yanaingia ndani, yanalala chini ya zulia. Huko chini Volkswagen waliweka kompyuta ya milango na vioo. Mwenye gari anakuja kukwambia vioo vinashuka vyenyewe usiku. Msimcheke, vinashuka kweli. Inueni zulia, mkandamize sponji yake kwa mkono. Ikitoa maji, mmeshapata jibu, lakini zibueni tundu kabla ya kubadilisha kompyuta, maana mpya nayo itaoga mvua ya Aprili.

Kwa BMW na Discovery zenye dirisha la paa, fuateni mirija ya kutolea maji. Na ukikuta kompyuta iko ndani ya buti, nyanyua tairi la spea uone chini yake.

4. Oili.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kosa hili ni langu, na lilimuumiza mtu mwingine kuliko lilivyoniumiza mimi.

Ililetwa Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya Td5, gari la kampuni ndogo ya watalii. Lalamiko: ikipata moto inamisi, ikipoa inatulia. Nikaweka mashine, nikalinganisha silinda, ya pili ikaonekana dhaifu. Nikasema injekta. Niliisema mbele ya mwenye gari kwa sauti ya mtu anayejua, na baada ya hapo sikutaka tena kuangalia kitu kingine. Tukafungua kava ya juu, tukatoa injekta mbili, zikanunuliwa nyingine kwa hela nzito. Zile herufi tano zilizochorwa kwenye kila injekta nikaziingiza kwenye kompyuta kama inavyotakiwa. Nikaiwasha. Ikaunguruma safi.

Kuunguruma safi ndiko kulikonipoteza. Nilikuwa nimechomoa plagi na kuzirudisha, na kule kuchomoa tu kulikuwa kumefuta uchafu kwenye pini kwa muda. Mimi nikadhani nimetibu. Sikuipeleka njia ndefu. Kesho yake gari likabeba wageni kwenda Ngorongoro.

Lilizimika kwenye kile kilima cha kutoka Mto wa Mbu kupanda Karatu, adhuhuri, pembeni ya lami, wageni wakiwa juani na chakula chao cha mchana kwenye maboksi. Dereva alinipigia kwa adabu kabisa, hata sauti hakupandisha. Nikaondoka na kompyuta nyingine ya kuazima, maana sasa nilikuwa nimehamisha lawama kutoka kwenye injekta kwenda kwenye kompyuta. Bado sikuwa nimepima kitu.

Nilipofika wageni walikuwa wameshahamishiwa gari jingine. Nikainua kiti cha mbele, nikafungua kifuniko cha kompyuta, nikachomoa ile plagi nyekundu. Kidole kikateleza. Nikakitazama: cheusi, kinanuka injini. Tundu za pini zote zilikuwa zimejaa oili.

Kwa asiyejua: waya za injekta za Td5 zinaanzia ndani, chini ya kava, zinaoga oili ya moto maisha yao yote. Mpira wa ile plagi ya kwenye kichwa cha injini ukichoka, oili inaingia kati ya nyuzi za shaba na kupanda kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi, futi kwa futi, mpaka kwenye kompyuta iliyo chini ya kiti. Gari likipata moto oili inakuwa nyepesi, inasambaa kwenye pini, injekta zinakosa ishara. Ndiyo maana lilikuwa linamisi likiwa la moto tu. Dalili ilikuwa inaniambia tangu siku ya kwanza.

Nilisafisha plagi na tundu kwa spirei ya breki pale pale barabarani, nikapuliza, nikachomeka. Likawaka. Injekta za yule bwana zilikuwa nzima tangu mwanzo. Nilimwambia hivyo, nikamrudishia hela yake kwa awamu, na waya mpya wa injekta nikaufunga kwa gharama yangu. Bado anatuletea magari. Lakini dereva alikosa bakshishi ya safari ile, na wale wageni hawakumwandikia maneno mazuri. Hiyo sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo Td5 yoyote ikiingia hapa, iwe Defender au Discovery 2, hata kama imekuja kwa taa ya ndani, fungua plagi nyekundu utazame. Kwenye Discovery 2 kompyuta iko mbele, ndani ya boksi la injini, haina hata kazi ya kuinua kiti. Ukikuta oili, badilisha waya wa ndani, safisha, na umwambie mwenye gari arudi usafishe tena mara kadhaa, kwa sababu oili iliyokwishaingia kwenye waya mrefu itaendelea kutoka taratibu.

5. Hizi nyingine ni fupi, lakini msiziruke.

Mercedes za mwanzoni hadi katikati ya miaka ya 90, W124 za mwisho na ndugu zake wa umri huo, zilitoka kiwandani na waya za injini ambazo ganda lake linakauka na kupukutika. Ukiukunja waya taratibu ukasikia unavunjika kama biskuti, usizungushie tepu. Huo ni waya wote wa kubadilisha, na hapo gari halina kosa la mtu yeyote wa huku.

Mercedes W211 za 2002 hadi 2006 zenye SBC, yaani breki zinazoendeshwa na kompyuta: usiguse brekipedi kabla hujailaza breki kwa mashine. Ukifungua mlango tu mfumo unaamka na kusukuma pistoni kwa nguvu, na vidole vyako viko hapo. Hili nalirudia kila mwezi na nitaendelea kulirudia, kwa sababu vidole vyenu navipenda kuliko ninyi mnavyovipenda.

Betri inayoisha usiku: funga loki ya mlango kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, liache hata nusu saa lilale, ndipo upime umeme unaotoka kwenye betri. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Usichomoe fyuzi moja moja, utaziamsha kompyuta upya. Pima milivolti kati ya ncha mbili za kila fyuzi ikiwa mahali pake, na ile yenye umeme unaopita itajionyesha. Kwa E46 na E39 anza na kidude cha kurekebisha kasi ya feni ya eisi.

CAN, yaani zile waya ambazo kompyuta zinazungumzia, ya injini na breki: toa kichwa cha betri, pima kati ya zile waya mbili zilizosokotwa. Omu 60 ni nzima, 120 ncha moja imekatika, karibu na sifuri zimegusana. Ile ya milango na viti kwenye magari mengi ya umri huu haifuati hesabu hiyo, usije ukatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Taa ya kupimia yenye balbu kubwa ni nzuri kwa umeme wa taa na stata. Iweke mbali na waya za kompyuta. Na ukitoboa waya kwa sindano, ziba lile tundu, maana maji ya mwaka kesho yataingilia hapo hapo.

6. Bei.

Kupima ni kazi, na vijana wengi mnaona aibu kuidai. Matokeo yake mnajikuta mnalazimisha spea ili mpate chochote. Mtajieni mwenye gari bei ya kupima kabla ya kufungua boneti, na mkimaliza mwandikieni namba mlizozipata, za kabla na za baada. Wapo watakaosema umekaza nati moja tu. Mwonyeshe: hapa athi ilikuwa inapoteza volti 1.4, sasa ni 0.05. Wengi wanaelewa wakiona namba. Nakala ya karatasi hiyo ibaki gereji, kwenye lile faili la kijani na si kwenye simu zenu, ili gari likirudi baada ya mwaka, atakayelipokea, hata kama wewe umeshafungua gereji yako Moshi, ajue aanzie wapi kupima.