Barua kwa mwanangu: jina lililochafuliwa

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika. Marahaba.

Umeniuliza neno la Kiingereza "juggernaut" lina maana gani na limetoka wapi, kwa kuwa umelikuta katika habari ya vita uliyopewa uitafsiri. Maana yake ni nguvu isiyozuilika, inayoponda kila kilicho mbele yake. Waingereza huliita hivyo hata lori kubwa la mizigo. Lakini asili yake inaniuma.

Ni jina la mungu. Jagannath, yaani Bwana wa Ulimwengu, huabudiwa na Wahindu katika mji wa Puri, Odisha, kwenye pwani ya mashariki ya India. Kila mwaka, Juni au Julai, sanamu yake ya mti yenye macho makubwa ya duara hutolewa hekaluni pamoja na ya kaka yake na ya dada yake, kila moja ikapandishwa kwenye gari lake la mbao. Magari hayo huundwa upya kila mwaka. La Jagannath lina magurudumu 16, na kimo chake ni kama mita 13. Huvutwa kwa kamba, kwa mikono ya watu. Kabla halijaondoka, mfalme wa Puri hushika ufagio wa dhahabu akalifagia kama mtumishi. Fikiria, mfalme! Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia hekaluni, ila siku hiyo Jagannath hutoka mwenyewe barabarani, kila mtu amwone.

Sasa sikia lilivyogeuzwa. Karne ya 14 mtawa wa Kiitalia, Odorico, alisimulia kwamba kule India watu hujitupa chini ya magurudumu ya gari la sanamu. Mwaka 1806 mmisionari Claudius Buchanan alifika Puri, na maandishi yake yakaitia picha hiyo vichwani mwa Waingereza na Wamarekani. Mwaka 1872 Mskoti mwenzake, William Hunter, aliandika kwamba kujiua ni kinyume kabisa cha ibada ile. Kumbe wapo waliokanyagwa kwa ajali tu, katika msongamano. Alikuwa amechelewa, jina lilishachafuka.

Sisi nasi neno letu "gari" lilivuka bahari kutoka huko huko India, na bado ni gari tu.

Kwa hiyo katika tafsiri yako usimtie Jagannath wa watu. Andika "gharika ya vita". Msomaji wetu ataielewa mara moja.

Mama yako