Maji Kung'aa Siyo Maji Tayari: Samaki wa Chumvi Wanaokufa Wiki ya Kwanza

SWALI: Habari fundi, nipo Moshi hapa Soweto. Nimefunga tanki la lita 200 la maji ya chumvi, chumvi nilichanganya Jumamosi, Jumatatu nikaweka klaunfishi wawili na damseli wanne. Leo Ijumaa damseli wawili wameshakufa, waliobaki wanahema juu juu na mmoja matamvua yamekuwa mekundu. Maji ni meupe peee, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Aliyeniuzia anasema ni uchovu wa safari, nimimine antibayotiki na niongeze kichupa cha bakteria. Naomba ushauri.

JIBU: Pole sana kaka. Tuanze na walio hai.

Hiyo antibayotiki usiimimine kabisa. Leo hii chukua maji ya bomba, yatoe klorini kwa dawa yake, piga chumvi ya akwariamu mpaka hidromita (kipimo cha kiasi cha chumvi kwenye maji) isome 1.025, yaache yazunguke na pampu masaa kadhaa huku hita ikiyapasha yawe joto moja na la tanki, halafu badilisha nusu ya maji. Kesho pima amonia, ile sumu wanayoitoa samaki wenyewe, ikisoma tena badilisha tena. Chakula usiwape leo wala kesho, samaki mzima hafi kwa njaa ya siku mbili ila chakula kinachooza kinamuua. Pampu ya hewa iwake usiku kucha, filta usiioshe. Na kama unamfahamu mtu Moshi au Arusha mwenye tanki la chumvi lililokomaa, hiyo ndo njia nzuri kuliko zote, muombe awapokee hao samaki kwa muda, ikishindikana akukatie kipande cha sponji ya filta yake, maana humo ndo wanakaa bakteria wanaokula amonia, ukibebe kikiwa kimelowa maji yale yale ya chumvi.

Sasa hapo uliposema maji ni meupe ndo hapo karibu kila mtu anaponiletea msiba. Jamani amonia haina rangi! Maji yanaweza kung'aa kama ya kunywa na yakawa yanaunguza matamvua ya samaki muda huo huo. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua kila dakika, hata asipokula, na baharini inapotea kwenye maji yasiyo na mwisho, ila kwako wewe ni samaki sita kwenye lita 200, haina pa kwenda, inarudi kwao. Kuwaweka humo siku ya pili ni sawa na kuhamishia familia kwenye nyumba isiyo na choo, hata ukipaka rangi nzuri namna gani watu wataugua tu.

Choo chenyewe ni bakteria. Kundi moja linakula amonia na kutoa nitraiti, kundi jingine linakula nitraiti na kutoa nitreti ambayo samaki wanaivumilia vizuri zaidi na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanaongezeka taratibu mno, ndo maana tanki jipya linachukua wiki 4 mpaka 6, wakati mwingine zaidi, na hakuna fundi anayeweza kuwaharakisha kwa maneno. Na hawaelei kwenye maji kama watu wanavyodhani, wamejishika kwenye mawe, mchanga na sponji. Kwahiyo wale wa Arusha mnaoenda mpaka Tanga na madumu mkiamini maji ya bahari yenyewe yanakuja "hai" na samaki anaingia siku hiyo hiyo, mmebeba mzigo mzito bila faida mliyoitaka. Na anayebeba mawe ya matumbawe kwenye kiroba, yakae juani njia nzima, viumbe waliomo wanakufa na kuoza, akiyatumbukiza yanatoa amonia yenyewe kabla hata samaki hajafika. Achilia mbali kwamba matumbawe siyo mali ya kuokota, yanalindwa.

Wengi wenu mmeanzia na goldifishi na hapo ndo mnajiamini. Mnasema goldifishi nilimuweka siku ya pili na yupo mpaka leo. Sawa, ila maji ya chumvi yanatakiwa pH (kipimo cha asidi na alkali) 8.1 mpaka 8.4, na pH ikipanda namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kuwa ile yenye sumu kali, ukilinganisha na maji baridi ya goldifishi, yaani yasiyo na chumvi, yenye pH 7 ni zaidi ya mara kumi kwa kiasi kile kile cha amonia. Kinachomchosha goldifishi, klaunfishi kinamzika.

Kuhusu kichupa: siyo vyote ni uongo, vipo vinavyopunguza wiki kadhaa kama bakteria wamefika hai. Lakini hicho kimekaa kwenye kontena, kikakaa dukani dirishani kinapigwa jua, nani anajua kilichobaki ndani? Hata kikiwa kizima bado unatakiwa upime. Halafu fikiria huyo muuzaji anakuambia umimine bakteria na antibayotiki kwa pamoja, dawa inayoua bakteria! Anauza vyote viwili na samaki wakifa anakuuzia wengine.

Kitu kingine kinachoniudhi ni huu ushauri wa "weka damseli kwanza, ni wagumu, wakupimie maji." Samaki wengi wa baharini wanaouzwa wamevuliwa kwenye miamba, hawajafugwa. Unamtoa kiumbe baharini aje aunguzwe matamvua wiki tatu ili wewe usinunue kipimo. Kipande kidogo cha kamba mbichi (yule wa kuliwa) ukikitumbukiza kwenye tanki tupu kinaoza na kutoa amonia ya kulisha bakteria, hakuna anayeteseka. Unapima kila baada ya siku mbili tatu, utaona amonia inapanda halafu inashuka, nitraiti nayo inapanda inashuka, mwisho zote mbili zinasoma sifuri na nitreti imeonekana. Hapo badilisha maji mengi, weka samaki mmoja au wawili, kaa wiki mbili ukipima, ndo uongeze.

Na hili naliandika kwa wote, maana msimu huu napigiwa simu na watu wa migahawa na lodji wanaotaka tanki liwe na samaki siku ya ufunguzi. Wapo mafundi wanaokubali. Wanachukua hela, wanajaza samaki kumi na tano Ijumaa, picha zinapigwa Jumamosi, Jumatano nzima ni kuokota maiti na mwenye mgahawa anaambiwa hali ya hewa ya Arusha ni baridi. Baridi ya mwezi wa saba ni kweli ipo na inatibiwa na hita, haiui tanki zima ndani ya siku nne. Wengine wanatumia chumvi ya jikoni, ambayo haina kalsiamu wala magneziamu ya kutosha, wakati chumvi ya akwariamu ipo. Fundi akikuambia tanki liko tayari, mwambie atoe vipimo vya matone apime amonia na nitraiti mbele yako, na kama hana hivyo vipimo kwenye begi lake usimpe hela ya samaki.