Pima neno la chuki kabla ya kulitia saini

Miaka kadhaa iliyopita wapangaji wenzangu hapa Jinja, Uganda, waliniomba niandike barua ya Kiingereza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kwa kuwa jirani mmoja alikuwa akitupa takataka mtaroni, na kila mvua iliponyesha maji machafu yalituingilia vyumbani. Nikaandika, nikijiona msomi, kwamba hisia zetu kwa jirani huyo ni "despise". Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, mmekuja kushtaki takataka au kumtukana mzee wa watu?"

Alikuwa na haki. Neno hilo lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni kumtazama mtu ukiwa juu yake. Ni dharau, wala si hasira. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika neno lolote la namna hii, hujiuliza kwanza linampiga nani: mtu au tendo lake?

"Hate" ni la kila siku, na hata mtoto hulitumia kwa kabeji. "Loathe" lina kinyaa ndani yake, karibu na kichefuchefu, kwa hiyo ulitunzie mazungumzo ya faragha. "Detest" hapo kale lilikuwa kumlaani mtu huku ukimwita Mungu awe shahidi, ingawa siku hizi makali yake yamepungua. "Abhor" ni kurudi nyuma kwa kutishika, nalo hukaa vizuri katika maandishi rasmi unapotaja ukatili, mateso au ubaguzi. Ukilitumia kwa chakula kisicho na chumvi, watu watacheka.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni "condemn", kwa sababu limebeba mahakama mgongoni: hapa Uganda, sehemu ya gereza la Luzira wanakowekwa waliohukumiwa kifo hutajwa kwa neno hilohilo. Likielekezwa kwa mtu, umeshamhukumu. Likielekezwa kwa tendo, ni kukemea hadharani, na ndiyo kazi tuliyoitaka.

Katika barua ya pili nilibadilisha sentensi moja tu, nikaandika kwamba tunalaani ("condemn") utupaji wa takataka mtaroni, bila kutaja jina la yeyote. Jirani aliitwa, na mtaro ukazibuliwa wiki hiyohiyo. Hata hivyo, habari za barua ya kwanza zilikuwa zimekwisha kumfikia, na mzee yule hakuitikia salamu yangu hadi Idi.