Wanafunzi wangu wanakanusha mara mbili

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Houston, na wanafunzi wengi wametoka Meksiko. Kila mara nasikia "I don't know nothing." Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Si uvivu huo. Kihispania chenyewe ndicho kinachodai hivyo: "No sé nada," yaani sijui kitu, ambapo "no" na "nada" yote ni makanusho. Kiingereza sanifu kinataka kanusho moja, basi wachague: "I don't know anything" au "I know nothing." Mimi huanza na "Nadie vino," maana hapo hata Kihispania hukanusha mara moja, sawasawa na "Nobody came." Kisha wape "No vino nadie," yenye maana ileile ila kwa makanusho mawili, waigeuze wenyewe kwa Kiingereza. Ila usiwaambie eti hasi mbili ni chanya. Hiyo hesabu waachie wanahesabu. Wamarekani kibao husema hivyohivyo mitaani na wanaelewana. Kwenye mtihani ndiko watakakokatwa alama.