Walishauri kwa siri, ila si kuhusu tunachodhani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, ni kweli wanasayansi waliwahi kulishauri jeshi kwa siri kuhusu viumbe wa sayari nyingine?" Nilifundisha fizikia na jiografia hapa Kigoma kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na swali hili nimeulizwa darasani, kibarazani, hata kwenye foleni ya maji. Jibu langu ni ndiyo. Walishauri, tena kwa siri. Ila naomba mnivumilie nieleze walishauri kuhusu nini hasa, maana hapo ndipo mabishano yetu yanapopotea njia.

Nianze na kisa cha nyumbani. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita alikuja kutusalimia, na usiku mmoja baada ya chakula akanisogelea na simu mkononi. "Mjomba, si unasema hakuna kitu? Soma hii. CIA wenyewe wameandika."

Ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa taipu mwaka 1952, ina jina la shirika la ujasusi la Marekani juu yake. Inasimulia visahani viwili vya moto vilivyoonekana juu ya migodi ya urani kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, wilaya ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Vilizunguka angani kwa madaha, vikasimama pamoja, kisha vikaondoka upogoupogo kuelekea kaskazini-mashariki, na watu waliokuwa chini wakasikia mvumo mkali. Mambo hayo yote yalichukua dakika 10 hadi 12. Kamanda wa kiwanja kidogo cha ndege akapaa na ndege ya kivita akavifukuza, na akakikaribia kimoja hadi mita 120 hivi.

Sikubishana naye. Nilimwambia aniletee atlasi kabatini. Karatasi inasema migodi hiyo iko mashariki ya Mto Luapula, ule unaounganisha Ziwa Bangweulu na Ziwa Mweru. Tukaweka kidole kwenye mto, tukakisogeza mashariki. Kijana akanyamaza. Mashariki ya Luapula si Kongo. Ni Zambia, na mwaka 1952 ilikuwa Rodesia ya Kaskazini. Mgodi mkubwa wa urani, Shinkolobwe, uko karibu na Likasi, magharibi kabisa ya mto huo. Halafu nikamwonyesha sehemu ambayo watu wengi huiruka, pale juu panapotaja habari imetoka wapi. Imetoka kwenye gazeti la Vienna, Die Presse, la Machi 1952. Mtu wa CIA alikata habari ya gazeti la Austria, ikatafsiriwa, ikawekwa kwenye faili. Miaka mingi baadaye faili likafunguliwa, na leo habari ileile ya gazeti inazunguka kwenye simu za watoto wetu ikiitwa ushahidi wa siri wa Marekani.

Sisemi CIA walikuwa wanacheza. Urani ya Shinkolobwe ndiyo iliyotumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Chochote kilichoandikwa kuhusu migodi ile, hata kama ni uvumi, Washington walitaka kukisoma. Walikuwa wanawaogopa Warusi, na hofu hiyo ndiyo ufunguo wa jambo zima.

Sasa tuje kwa wanasayansi wenyewe. Julai 1952, Jumamosi mbili mfululizo, usiku wa tarehe 19 na tena wa tarehe 26, rada za Washington zilionyesha vitu visivyojulikana juu ya mji mkuu. Ndege za kivita zilirushwa kutoka Delaware. Magazeti yakawaka. Tarehe 29 Julai Meja Jenerali John Samford wa Jeshi la Anga aliwaita waandishi Pentagon akawaambia kwamba huenda ni hali ya hewa tu: hewa ya joto ikiilalia hewa baridi hupindisha mawimbi ya rada hadi rada ionyeshe kitu mahali pasipo na kitu. Kifizikia hilo linawezekana kabisa. Lakini huko CIA, mkuu wa ofisi ya sayansi, H. Marshall Chadwell, alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Ikiwa nchi nzima inapiga simu kuripoti visahani, yaani vitu vya angani vinavyodhaniwa kuwa vyombo vya viumbe wa kigeni, je, siku mabomu ya Warusi yatakapokuja kweli, nani atajua ipi ni ripoti ya kweli?

Basi wakaitwa wanasayansi. Kuanzia tarehe 14 Januari 1953, kwa siku nne, jopo lilikaa Washington chini ya Howard P. Robertson, mwanafizikia wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California. Pamoja naye walikuwa Luis Alvarez, ambaye baadaye, mwaka 1968, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Samuel Goudsmit, aliyewahi kuongoza kundi la kisayansi lililosaka siri za nyuklia za Wajerumani wakati wa vita. Lloyd Berkner, bingwa wa mawimbi ya redio. Na Thornton Page, mnajimu wa sayansi, yaani mtu wa darubini, si wa kupiga ramli. Pembeni alikaa J. Allen Hynek, mnajimu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, ambaye tangu 1948 alikuwa akilipwa na Jeshi la Anga kuchambua ripoti hizi. Kwa hiyo anayebisha kwamba wanasayansi wakubwa hawakuhusika kabisa, majina ndiyo hayo.

Walifanya nini mle ndani? Walionyeshwa filamu mbili. Moja ilipigwa na mpiga picha wa Jeshi la Maji karibu na Tremonton, Utah, Julai 1952, akiwa safarini na familia yake. Inaonyesha nukta nyeupe zinazong'aa zikizungukana kwenye anga ya buluu. Wataalamu wa Jeshi la Maji walikuwa wametumia takriban saa 1,000 wakiipima filamu hiyo, wakasema si eropleni wala si ndege wenye mabawa ya manyoya. Jopo halikukubali. Waliletewa filamu nyingine ya shakwe wakiruka kwenye jua kali, wakaona jinsi mabawa meupe yanavyorudisha mwanga, wakahukumu kwamba za Utah nazo ni shakwe. Kesi 23 ndizo zilizopitiwa kati ya 2,331 zilizokuwa kwenye majalada, na vikao vyote vikijumlishwa ni kama saa 12.

Saa 12! Mitihani ya mkondo mmoja wa kidato cha nne ilikuwa inanichukua zaidi ya hapo kusahihisha. Pamoja na hayo, mimi naamini walichosema kuhusu anga kilikuwa sahihi: hawakuona dalili ya vitu kutoka nje ya dunia, wala tishio la moja kwa moja kwa usalama wa nchi. Kinachonikera ni ushauri waliotoa baada ya hapo. Walisema hatari iko kwa watu: ripoti nyingi zitaziba njia za mawasiliano, na adui anaweza kuutumia msisimko huo. Kwa hiyo wakashauri visahani vivuliwe ile sura ya miujiza, wananchi waelimishwe kupitia televisheni na filamu, na ripoti ikataja hata kampuni ya katuni ya Walt Disney. Tena wakashauri vikundi vya raia vinavyokusanya habari hizi vifuatiliwe kwa sababu ya uwezo wao wa kugeuza mawazo ya umma. Viwili vilitajwa kwa jina, kimoja cha Los Angeles na kingine, APRO, cha Wisconsin. Ripoti ikafungwa kama siri, na maandishi yake kamili hayakuwafikia wananchi hadi miaka ya 1970.

Hiyo ndiyo siri yenyewe, Ndugu Mhariri. Watu watano wenye akili nyingi walikaa wakajadili raia wenzao kana kwamba raia ndio ugonjwa. Na mtu akigundua miaka 20 baadaye kwamba alikuwa akifuatiliwa kwa kosa la kuangalia juu, utamwambiaje aamini pale unapomwambia ni shakwe tu?

Waingereza nao hawakuwa nyuma. Sir Henry Tizard, mshauri mkuu wa sayansi wa Wizara ya Ulinzi, alisababisha kuundwa kwa kamati ndogo ya visahani mwaka 1950, na Juni 1951 ikatoa ripoti ya siri iliyosema hakuna cha maana. Tarehe 28 Julai 1952 Churchill aliandika kuuliza habari hizi zote za visahani zina maana gani na ukweli ni upi, akajibiwa kwa kutumia ripoti hiyohiyo. Ripoti yenyewe ilikuja kuonekana hadharani mwaka 2001. Miaka 50 kuficha sentensi inayosema hatujaona kitu!

Hapa wenzangu wa upande wa pili huniambia: kama hakukuwa na kitu, kwa nini wafiche? Swali zuri, na lina jibu. Mara nyingi kulikuwa na kitu, ila si kile. Kilichoanguka karibu na Roswell, New Mexico, mwaka 1947, jeshi lilikiita kisahani, saa chache baadaye likasema ni puto la hali ya hewa. Uongo ulikuwa kwenye hilo la pili. Mwaka 1994 Jeshi la Anga lilieleza kwamba lilikuwa puto la Project Mogul, mradi wa siri ambao wanasayansi wa Chuo Kikuu cha New York waliutengeneza ili kusikiliza kutoka angani milipuko ya mabomu ya nyuklia ya Warusi. Lilikuwa na vijiti vya mti mwepesi, karatasi inayong'aa kama fedha, na utepe wenye michoro ya maua. Utepe ule wa maua ndio watu waliousimulia baadaye kuwa ni maandishi ya kigeni.

Vivyo hivyo ndege ya upelelezi ya U-2, iliyoanza kuruka mwaka 1955. Ilipita juu ya futi 60,000, wakati ndege za abiria zilikuwa chini mno kuliko hapo, na jioni mabawa yake yalishika jua ambalo kwa rubani wa chini lilikuwa limeshazama. Utafiti wa CIA yenyewe uliochapishwa 1997 unasema zaidi ya nusu ya ripoti za miaka hiyo zilitokana na ndege hizi, na kwamba wachunguzi wa jeshi walilinganisha ripoti na ratiba za safari hizo, wakajua jibu, lakini hawakuruhusiwa kumwambia mwananchi aliyeandika barua. Hiyo nusu sijui niiamini kiasi gani, maana anayehesabu ndiye aliyeficha. Lakini hilo la barua linaniuma zaidi. Rubani aliona kitu halisi, akakieleza vizuri, akajibiwa kwamba macho yake yamemdanganya.

Kuna hati moja inayopendwa sana kwenye mabishano haya, ya kundi liitwalo Majestic 12. Desemba 1984 filamu ya milimita 35 ilitumwa kwa posta bila jina la mtumaji, na ndani yake mna picha za karatasi zinazodai kwamba Rais Truman aliunda kamati ya siri ya wanasayansi na majenerali kuhusu mabaki ya chombo cha kigeni. FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, walizichunguza wakaziandikia kwa herufi kubwa kwamba ni za bandia. Kuna waraka mwingine unaotumika kuzitetea, wa tarehe 14 Julai 1954, unaodaiwa kutoka kwa Robert Cutler, msaidizi wa rais, ilhali siku hiyo Cutler alikuwa ziarani nje ya Marekani. Lakini angalieni mwenye kughushi alivyokuwa mjanja: kwenye orodha yake aliweka jina la Lloyd Berkner. Yuleyule aliyekaa kweli kwenye jopo la 1953. Uongo ulishonwa kwenye kitambaa cha kweli, na kitambaa hicho kilikatwa na wale walioficha jopo.

Namwonea huruma Hynek kuliko wote. Mwaka 1966 alisimama mbele ya waandishi Michigan akasema baadhi ya taa zilizoonekana kule huenda ni gesi ya kinamasi, nchi nzima ikamcheka. Taratibu alianza kusema hadharani kwamba jeshi halifanyi sayansi, na baada ya Blue Book, mradi wa Jeshi la Anga wa kuchunguza ripoti hizi, kufungwa Desemba 1969, ukiwa na ripoti 12,618 ambazo 701 hazikupata maelezo, alianzisha kituo chake mwenyewe cha uchunguzi mwaka 1973. Alikuwa mshauri wa jeshi kwa zaidi ya miaka 20. Kama ripoti zile zingekuwa mezani kwa kila mnajimu tangu 1948, huenda hizo 701 zisingebaki nyingi hivyo.

Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilijaribu njia nyingine. Jopo la watu 16 chini ya David Spergel lilifanya kikao tarehe 31 Mei kikionekana moja kwa moja duniani kote, na Septemba likatoa ripoti yake wazi: hakuna ushahidi wa asili ya nje ya dunia, na takwimu zilizopo ni duni. Wajumbe wake walitukanwa na kutishwa mtandaoni. Wamelipa deni la watu wa 1953.

Mpwa wangu amerudi shule. Kabla hajaondoka aliniomba ripoti ya Robertson, nikamchapishia kwenye duka la steshenari la jirani, akaisoma kwa siku tatu na kamusi pembeni. Aliacha nakala mezani. Pale panapotajwa vikundi vya kufuatiliwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: "Hawa kosa lao lilikuwa nini?" Sijamjibu. Desemba akija tutakaa naye kibarazani.

Mwalimu mstaafu,
Kigoma