Kabla hujalipia hizo rimu za 17, geuza moja usome ET mgongoni

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume hela.

Umesema gari lako limetoka kiwandani na rimu za inchi 15, upana 6J (yaani inchi 6), ET45, zikiwa na tairi 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15). Sasa umepata rimu za inchi 17, 7.5J, ET25, mashimo ni matano na yanalingana, na muuzaji kakwambia "zikikubali nati, zimekubali gari". Hilo neno ndilo lililonitoa usingizini. Mimi niliambiwa neno hilo hilo, na rimu nilizouziwa zilikuwa na namba hizo hizo, mpaka ET. Maswali yako ya mafuta, ya tairi za mtumba na kama 16 ni bora kuliko 17, yaache kwanza.

ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso ule unaogusa habu, kile kitovu cha gari ambacho gurudumu linafungwa. Herufi zenyewe zimetoka kwenye neno la Kijerumani, Einpresstiefe. ET kubwa ina maana rimu imeingia ndani zaidi ya gari. ET ikishuka, rimu inatoka nje. Namba hii huwa imechapwa nyuma ya rimu, kwenye mkono mmoja au karibu na tundu la katikati, na ndiyo maana watu hawaioni: sote tunanunua rimu kwa kuitazama usoni.

Fanya hesabu nami. Rimu yako ya sasa ni 6J, yaani milimita 152. Nusu yake ni 76. Toa 45, inabaki 31. Hizo 31 ndizo zinazotoka nje kupita uso wa habu. Rimu mpya ni 7.5J, milimita 190 na nusu. Nusu yake ni 95. Toa 25, inabaki 70. Umeona? Kutoka 31 hadi 70. Karibu sentimita nne zaidi zinatoka nje, kila gurudumu, kila upande wa gari. Kwa ndani, jumlisha badala ya kutoa: 76 na 45 ni 121, 95 na 25 ni 120. Ndani hakuna kilichobadilika. Upana wote ulioongezeka umetupwa nje, kwenye fenda.

Siku nilipofunga zangu gari lilipendeza sana, na sitasema uongo kuhusu hilo. Nilizunguka nalo nikiwa peke yangu siku kadhaa, kimya kabisa, hakuna kinachogusa. Hapo ndipo mtego ulipo. Gari tupu, springi za nyuma zimesimama, tairi iko mbali na fenda. Wiki iliyofuata nikapakia watu wanne na mizigo yao, safari ya usiku. Kila tukipita kwenye bonde au tuta nasikia mkwaruzo nyuma, kama mtu anachana turubai. Abiria mmoja akauliza kama kuna mlango haujafungwa. Nikasema ni mzigo unasogea. Baada ya saa moja tukaanza kusikia harufu ya mpira unaoungua. Niliposhuka na tochi, ukingo wa fenda ulikuwa umeichonga tairi ya nyuma kushoto begani, mduara mzima, hadi nyuzi zinaonekana. Ya kulia ilikuwa imefika nusu ya hapo. Watu wanne nyuma yangu, spidi ya barabara kuu, na tairi ambayo ingepasuka kwenye bonde lolote lililofuata. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nashikwa na hasira.

Na hasira yangu haimwendei mvulana aliyefunga nati. Inamwendea yule muuzaji, mtu anayeuza rimu kila siku, anayeijua ET vizuri kabisa kwa sababu ndiyo namba anayoagizia mzigo wake. Niliporudi kwake akasema rimu zimeshatumika, hazirudi. Kisha akanishauri nikunje ukingo wa fenda kwa ndani. Nikakunja. Rangi ikapasuka, na tairi bado ikagusa nikipakia. Akasema niweke springi ngumu zaidi. Nikaweka. Gari likawa linaruka kama mbuzi kwenye mawe, na tairi bado ikagusa. Hadi hapo nilikuwa nimelipia tairi mbili mpya, fenda mbili na springi, yote ili nitetee rimu ambayo haikuwa ya gari lile tangu siku ya kwanza.

Fundi mmoja akaniambia tuweke spesa. Kwa Mungu, hapa nisikilize vizuri. Spesa ni bamba linalokaa kati ya habu na rimu, kwa hiyo inasukuma gurudumu nje zaidi. Spesa ya milimita 5 inaigeuza ET25 kuwa ET20. Mtu mwenye rimu iliyotoka nje kupita kiasi akiwekewa spesa, ameongezewa ugonjwa. Rimu iliyoingia ndani mno unaweza kuisogeza nje kidogo kwa spesa nzuri na stadi (zile bolti za habu zinazoshika nati) ndefu za kutosha. Rimu iliyotoka nje mno haina spesa ya kuirudisha ndani. Kwa hiyo ukikuta ET haifanani kabisa na ya kiwandani, heri ikosee kwa kuzidi kidogo kuliko kupungua.

Kuna na mambo yasiyopiga kelele. Gurudumu likitoka nje, uzito wa gari unaibana beringi kwa pembeni, kama kubeba ndoo kwa mkono ulionyooka badala ya kuibana kifuani. Beringi zangu mbili za mbele zilianza kuvuma ndani ya miezi michache. Usukani nao ukawa na tabia mpya: tairi moja ikigusa shimo au ukishika breki kwa nguvu, unavuta upande. Nilifanya alaimenti mara mbili nikidhani ndiyo dawa. Alaimenti hairekebishi ET, mkuu. Inapanga pembe za tairi, haisogezi rimu.

Tundu la katikati pia liangalie. Rimu nyingi za kununua nje ya kiwanda huja na tundu kubwa, kipenyo cha milimita 73.1 ni cha kawaida sana, ili zikae kwenye magari mengi. Kama habu ya gari lako ni 60.1, pale katikati kuna nafasi tupu na rimu inashikiliwa na nati peke yake. Ikikaa kombo hata kidogo, usukani unatetemeka ukifika spidi 90 au 100, na utabalansi tairi mpaka uchoke. Pete ya kujaza nafasi hiyo ni kitu kidogo. Idai hapo hapo dukani. Na nati nazo: kuna za mdomo wa koni na kuna za mdomo wa duara, lazima zifanane na kiti chake kwenye rimu, la sivyo zitalegea.

Saizi ya tairi, kwa ufupi. Umeandika atakufungia 215/55R17. Tairi yako ya sasa ina kipenyo cha nje cha milimita 634 na nusu. Hiyo 215/55R17 ina 668, zaidi ya asilimia 5 juu. Dashibodi ikisema 100, wewe unakwenda 105, na juu ya ET25 hiyo ni kuikaribisha fenda kwa mikono miwili. Rimu ikikua, ukuta wa tairi lazima upungue: 225/45R17 inatoa 634, karibu sawa kabisa na ya kwako. 215/45R17 ni 625, nayo inaingia ndani ya asilimia 3 ambayo mafundi wengi huichukua kama mwisho, lakini soma namba ya uzito pembeni. 195/65R15 yako kwa kawaida ni 91, yaani kilo 615 kwa tairi. 215/45R17 ya kawaida ni 87, kilo 545. Umepoteza kilo 70 kila kona bila kuambiwa. Kama ni hiyo, tafuta iliyoandikwa XL, yaani iliyoimarishwa kubeba uzito zaidi.

Basi kanuni yangu ni hii, na siibadilishi kwa mtu yeyote: rimu haitoki dukani kabla hujaisoma ET mgongoni na kufanya ile hesabu ya nusu ya upana. Kwa 7.5J kwenye gari la 6J ET45, mimi nisingeshuka chini ya ET40. Hapo nje inatoka milimita 24 zaidi na ndani inaingia 14 zaidi, kwa hiyo bado unapima kwa mkono nafasi ya shokapu na ya fenda. Funga moja mbele na moja nyuma, kata usukani mwisho kulia na mwisho kushoto, kisha kalisha watu watatu wazito kiti cha nyuma, uchungulie. Muuzaji akikataa kukujaribishia, ondoka.

Mafuta yataongezeka kidogo, rimu kubwa na tairi pana huwa nzito. Ya mtumba sikujibu leo.

Piga picha ya mgongo wa rimu hizo, ile sehemu yenye maandishi, uiweke hapa. Na upime kwa rula nafasi iliyopo sasa kati ya tairi na ukingo wa fenda ya nyuma gari likiwa limepakiwa.