Kuku wangu, shubiri, na zile dakika 8 za Kepler

Jana kuna dada wa Muheza kanitumia meseji, anauliza nawezaje kukaa saa nzima naangalia vipindi vya sayansi kwenye tivii nisisinzie, yeye kila akijaribu anashindwa. Dada yangu, ngoja nikusimulie.

Nafuga kuku wa kienyeji hapa Mikanjuni, Tanga. Miaka sita nilimwambia kila mtu kwamba shubiri kwenye maji ya kuku inazuia kideri, nikafundisha mpaka majirani. Kaka yangu akanibishia, kideri ni kirusi bwana, hakina dawa, ni chanjo tu. Nikamjibu vibaya mbele ya wanawe, na karibu mwaka mzima tukawa salamu za juu juu. Inaniuma mpaka leo.

Sasa mwezi uliopita naangalia Cosmos, ile ya zamani ya Carl Sagan ya 1980, sehemu ya tatu, ndo nikakutana na Kepler, mtaalamu wa nyota wa zamani. Huyu aliamini kabisa sayari zinazunguka kwenye duara kamili, maana kazi ya Mungu lazima iwe kamilifu. Akachukua vipimo vya Tycho Brahe, aliyepima nyota kwa macho tu maana darubini hazijaja, akahangaika na sayari ya Mirihi miaka na miaka, hesabu ikakaribia kukubali kabisa, ikabaki tofauti ya dakika 8 za pembe, siyo za saa. Hiyo ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu unavyouona angani! Angesema Tycho kakosea nani angembishia? Hakusema. Akalitupa duara lake akashika duaradufu, yaani duara lililobonyea kama yai, akachapisha 1609.

Nikazima tivii nikakaa gizani. Mwenzangu kaacha imani yake kwa dakika 8, mimi msimu mmoja nimezika kuku 23 na kila mmoja nimempa kisingizio, huyu hakunywa vizuri, yule alikuja anaumwa, wakipona nasema mmeona shubiri?

Kwa hiyo dada, usiangalie ili upate vya kusimulia kijiweni, utasinzia tu. Kila wakisema jambo jiulize, wamejuaje? Halafu chukua kitu chako mwenyewe unachokiamini sana ukiweke pale pale, uhesabu na waliokufa. Ndugu zangu tunapenda kuhesabu waliopona tu! Dawa, biashara, mpaka ndoa zetu. Hesabuni wote jamani.

Jumapili nikaenda kwa kaka Chumbageni, nikamwambia ulikuwa sahihi. Hakusema kitu, akavaa viatu tukaenda duka la mifugo kuchukua chanjo. Mimi nashika kuku, yeye anadondosha, tone moja jichoni, kuku 31, na baada ya miezi mitatu tunarudia. Majirani niliowafundisha shubiri nimeshawapitia wanne. Bado wawili, na mmoja wao kuku wake waliisha wote mwaka jana, sijajua nitaanzaje kumwambia.